Muulize Tantine: Mkubwa akitimiza miaka 12 bei inageuka, sasa tupande ndege lini?

Vakansi kubwa inakaribia na barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, watoto wanataka kwenda kwenye zile parki za michezo wanazoziona kwenye simu, na wazazi wanahesabu pesa usiku. Nimekamata barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu ndani yake kuna hesabu ambayo familia nyingi hawaifanyi mpaka miaka imeshapita.

Jambo Tantine. Miye niko mama ya batoto bane, tunaikala Kampemba. Wa kwanza iko na miaka 8, wa pili 6, wa tatu 4, na kale ka mwisho kalitimiza mwaka moja juzi tu. Kwa binamu yabo baliona video ya Disney, sasa kila jioni ni ile tu. Bwana yangu anasema tufunge mukaba miaka mitano, tusiende hata fasi moja, kisha tupande bote mpaka Florida mara moja tumalize. Miye naona miaka mitano ni mingi, batoto banakomea, minataka kila mwaka kuwe kitu hata kidogo. Tunabishana na yeye mpaka tunalala bila kusemezana. Nani iko na haki? (Mama bane, Kampemba)

Mama bane, jambo sana. Ngoja kwanza tusitafute nani ana haki. Leo jioni kabla watoto hawajalala chukua kreyo na kitabu kigumu, simamisha watoto mmoja mmoja kwenye fremu ya mlango wa jikoni bila viatu, visigino vikiguse mbao, weka kitabu juu ya kichwa kiwe sawa, piga mstari, andika jina na tarehe. Kisha kwa meta ya fundi wa nguo pima kutoka chini na upige mistari mingine mitatu kwa bic nyekundu, ya sentimita 102, ya 120 na ya 140. Ukimaliza muite bwana yako muangalie pamoja, juu huo mlango ndio utakaowaambia mwaka gani mpande.

Sababu ni hii. Kwenye hizi parki kila mashine ina kipimo chake cha urefu. Mlangoni kuna ubao na mtu wa kazi, mtoto anasimama pale, kichwa kisipofika kwenye mstari haingii, hata kama mmetoka Lubumbashi mkabadilisha ndege mara mbili, hata kama mama analia. Hawafanyi vile kwa roho mbaya, ile fimbo ya chuma inayokushika kwenye kiti imetengenezwa kwa mwili wa kipimo fulani na mtoto mdogo anaweza kuponyoka. Disneyland ya Paris kwa mfano Big Thunder Mountain, kile kitreni cha mgodi, kinataka sentimita 102, Crush's Coaster inataka 107, Hyperspace Mountain 120, na Indiana Jones ambayo inakupindua kichwa chini inataka 140. Sasa mtoto wa miaka 4 wengi wako karibu na 102 ao 103, wa miaka 7 wanazunguka kwenye 120, wa miaka 11 wanapita 140 kidogo. Wengine warefu wengine wafupi, ndiyo maana nakutuma kwenye mlango, usifuate umri peke yake.

Nakuambia hivi juu mimi mwenyewe sikupima. Mwaka 2012 tulipeleka wanne wetu Gold Reef City kule Johannesburg, na yule wa tatu alikuwa anaota kuhusu kitreni cha Anaconda tangu Krismasi. Tumefika, mstari umesogea, zamu yake imefika, amesimama chini ya ubao, akavuta shingo, akapanda kwenye ncha za vidole. Yule kijana wa kazi alipiga magoti mbele yake, akamshika visigino kwa mikono miwili, akavishusha pole pole mpaka vikagusa sakafu, na kichwa kilibaki chini ya mstari kwa vidole viwili tu. Ndugu zake walishapita. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamnunulia krem, ikayeyuka mkononi mpaka kwenye kiwiko cha mkono, hakuila, alikuwa anaangalia juu tu kila kitreni kikipita anatafuta viatu vya kaka yake. Leo amemaliza chuo na bado anaikumbuka ile siku, na mimi pia.

Basi huo ni upande wa urefu. Upande wa pili ni umri, na hapa ndipo miaka mitano ya bwana yako inawaumiza mfuko. Mtoto chini ya miaka 3 anaingia bure Disneyland ya Paris, kuanzia 3 mpaka 11 analipa bei ya mtoto, akitimiza 12 ni mtu mkubwa. Ndege nayo, chini ya miaka 2 anakaa kwenye magoti kwa pesa kidogo, 2 mpaka 11 kampuni nyingi zinampunguzia, akitimiza 12 analipa sawa na baba yake. Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, chini ya miaka 6 bure, kuanzia 6 mpaka hajatimiza 12 ni euro 45, kuanzia 12 ni euro 90. Umeona vile ile 12 inarudi kila fasi? Mkubwa wako leo ana 8. Mkingoja miaka mitano atakuwa na 13, na yule wa pili atakuwa na 11, yuko mlangoni.

Hesabu miaka mitatu badala ya mitano. Mkubwa atakuwa na 11, bado bei ya mtoto, na kama anakua vizuri anaingia hata kwenye zile za 140. Wa pili ana 9, anaingia karibu kila fasi. Wa tatu ana 7, yuko kwenye mstari wa 120. Ka mwisho kana 4, kako kwenye 102, kanaweza kupanda kitreni cha mgodi na kaka zake, si kubaki kwenye kigari siku nzima. Kwa viza peke yake ni nyinyi wawili euro 180, watoto watatu 45 kila mmoja ni 135, ka mwisho bure, jumla euro 315 bila pesa ya ofisi inayopokea dosye. Huu mwaka mmoja, Mama bane, ndio mwaka ambao watoto wenu wote wanne wanaweza kucheza pamoja na wote bado ni watoto kwenye karatasi. Mwaka mmoja kabla, mdogo anakataliwa kwenye vitu vingi. Mwaka mmoja baadaye, mkubwa anakuwa mtu mzima wa kulipa. Familia nyingi dirisha lao ni la mwaka mmoja ao miwili, halafu linafungwa.

Juu ya Florida nitasema ukweli wangu. Ni kuzuri sana, Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na leo ina parki kubwa nne, eneo lote ni karibu kilomita za mraba 100, kutoka parki moja mpaka nyingine unapanda basi, yaani siku nne unazimaliza bila kurudia kitu. Lakini viza ya Marekani kuomba tu ni dola 185 kwa kila kichwa, hata mtoto wa kunyonya, nyinyi sita ni dola 1.110, na wakikataa hazirudi. Paris ni parki mbili ziko mlango kwa mlango, unavuka kwa miguu, siku mbili zinatosha kabisa kwa familia yenye mtoto mdogo. Kwa nyinyi mimi nachagua Paris bila kusita. Florida iacheni, watoto wakikomaa watajipeleka wenyewe na pengine watakubeba na wewe.

Kwa hiyo bwana yako ana haki juu ya kuweka pesa na wewe una haki juu ya miaka, na sidhani kama ni lazima mmoja ashindwe. Mimi ningefanya hivi. Mwaka huu na ule unaofuata msivuke mpaka, ka mwisho bado hakajui kitu na pesa zikae, kuna barua ya mwalimu wa Likasi huku chini, isome, vitu vyake vinawafaa. Miaka miwili kutoka leo pandeni Johannesburg, ndege ya moja kwa moja kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, ni masaa mawili na zaidi kidogo tu, hapo watoto wanajifunza ndege ni nini, mstari ni nini, kukataliwa kwenye ubao ni nini, na nyinyi mnajifunza watoto wenu wanachoka saa ngapi. Kila familia ina saa yake. Wangu ilikuwa saa nane mchana, baada ya hapo ni kulia tu, na nilipojua hivyo sikuwahi tena kununua kitu cha jioni. Mwaka unaofuata, miaka mitatu kutoka leo, ndio mwaka mkubwa.

Mwaka mkubwa, kama mko na ndugu Ubelgiji kama watu wengi wa hapa, tumieni. Viza moja ya Schengen inawapitisha Brussels na Paris, lakini dosye iombwe kwa nchi ambayo mtalala siku nyingi zaidi, na uliza kwanza kama wanaipokea hapa mjini ao mnapashwa kupanda mpaka Kinshasa, juu tiketi sita za Kinshasa zinaweza kuvunja bajeti yote kabla hamjaanza. Ubelgiji kuna parki ya Walibi, imefunguliwa mwaka 1975, na jina lake limetokana na komine tatu, Wavre, Limal na Bierges. Gare ya Bierges-Walibi iko pale pale karibu, mnashuka kwenye treni mnatembea na watoto. Mkubwa wako akiwa na urefu muonyeshe Kondaa, kile kitreni cha mwaka 2021 chenye mita 50 juu na mwendo wa kilomita 113 kwa saa. Walibi kwa kawaida inafunga wakati wa baridi yao, kwa hiyo kama mnaenda Noeli muisahau. Halafu Disneyland ya Paris mnapanda treni ya RER A mpaka mwisho wa njia, Marne-la-Vallée Chessy, karibu dakika 40 kutoka katikati ya mji, na kituo kinatazama mlango wa parki.

Tatizo ni kwamba vakansi yetu ya Julai na Agosti ndiyo vakansi yao pia, watu wanajaa. Chagua Jumanne ao Alhamisi, usichague Jumamosi, na mfike kabla milango haijafunguliwa, lile saa la kwanza utafanya vitu vitatu ambavyo mchana vitakula masaa matatu. Na muombe baby switch. Maana yake baba anapanga mstari na wakubwa, wewe unabaki na mdogo, baba akishuka wewe unapanda bila kupanga mstari upya. Wazazi wengi hawalijui hilo na mmoja anashinda siku nzima akishika mikoba.

Pesa. Mimi nilitumia likelemba, wamama kumi, kila mwezi dola 50 kila mmoja, anayekamata zamu anakamata 500. Siri ni kuomba zamu yako mapema iangukie mwezi wa tatu, wakati bei ya ndege za Julai bado iko chini, si mwezi wa saba wakati kila mtu anapanda. Dosye ya Schengen inaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usingoje wiki ya mwisho, miezi mitatu ndiyo nzuri. Na tafadhali sana usilipe tiketi kamili kabla ya viza, wanaomba rezervasyo tu pamoja na asiransi ya safari inayofika euro 30.000. Mwaka 2015 ajensi moja hapa mjini ilituapia kwamba lazima tulipe yote kwanza, tukalipa, viza ya mtoto mmoja ikachelewa siku tisa, tarehe ikapita na pesa hazikurudi. Zilikuwa pesa za miezi kumi na saba. Nilizihesabu tena na tena usiku kama vile kuhesabu kungezirudisha.

Haya, nenda kwenye mlango. Na mpime tena kila Noeli.

Tantine, jambo. Mimi ni kambo, bibi wa Katuba, ninalea wajukuu watatu, mama yao alikufa, baba yao yuko kazini Kolwezi anakuja mara moja moja. Mume wangu marehemu alitumika Gécamines, kampuni ya migodi, miaka 31. Mtoto wangu wa Johannesburg anasema atatulipia tiketi kwa vakansi, twende tuone michezo ya Gold Reef. Wajukuu wana miaka 13, 10 na 7. Mimi nina tansyo, presha ya damu. Nenda ao nibaki?

Kambo wangu, nenda. Na hiyo fasi umeletewa wewe kuliko hata wajukuu. Gold Reef City ilifunguliwa mwaka 1987 juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu, Crown Mines, kwenye shimo nambari 14. Pale kati ya michezo kuna nyumba za wafanyakazi wa zamani, kuna kushuka chini ya ardhi na kofia ya mgodi kichwani, na sisi tulipoenda tuliona dhahabu inayeyushwa na kumiminwa mbele ya watu mpaka inaganda kuwa tofali dogo. Wajukuu wako wataona kazi iliyofanana na ya babu yao, na gidi hatajua hata robo ya vile unajua wewe juu ya mtu anayerudi nyumbani asubuhi na vumbi kwenye nyusi. Waelezee pale pale, usingoje kurudi.

Karatasi ndiyo zitakuchosha, kwa hiyo anza leo. Kila mtoto paspoti yake, viza yake, na akte de nesansi, cheti cha kuzaliwa. Kwa kuwa unasafiri nao na wewe si mzazi, unahitaji barua ya baba yao ya kukubali, iliyolegalizwa, na kopi ya kitambulisho chake na nambari yake ya simu, na akte ya kifo cha mama yao. Kama kuna karatasi ya korti inayosema wewe ndiye mlezi, ibebe. Afrika Kusini wanalinda sana watoto wasisafirishwe kiholela na hata hapa kwetu watu wa DGM, wale wa uhamiaji, wataiomba Luano. Mlete baba yao kutoka Kolwezi siku moja tu kwa hilo peke yake, usikubali ahadi ya simu. Halafu karatasi ya njano, chanjo ya homa ya manjano, kila mtu wa kutoka Kongo anaombwa, na chanjo iwe imechomwa siku 10 ao zaidi kabla ya kufika. Ukiipoteza unarudishwa, kwa hiyo ikae ndani ya paspoti na mpira wa kufungia, si kwenye mkoba mwingine.

Tansyo yako, usipande kitu chochote kinachoporomoka, hasa ile Tower of Terror ambayo inashuka mpaka ndani ya shimo. Kushuka kwenye mgodi muulize daktari wako kwanza. Dawa zibebe mkononi, si kwenye valizi. Uliza pia siku za kufungua, hawafungui kila siku mwaka mzima. Na kama mnaweza kwenda Agosti, nendeni Agosti, juu watoto wa kule wana vakansi yao ya baridi kuanzia mwisho wa Juni mpaka Julai, wakirudi shule mistari inakuwa mifupi. Johannesburg wakati huo ni kama kipwa yetu, majira ya kiangazi, lakini asubuhi baridi ni kali zaidi, wavalishe.

Yule wa miaka 13 mpeleke pia kwenye makumbusho ya apartheid, iko jirani kabisa, ilifunguliwa mwaka 2001. Wale wadogo wawili wabaki na shangazi ao mjomba yao nje, wenyewe wanashauri watoto chini ya miaka 11 wasiingie, na mimi nilivyoona zile kamba zinazoning'inia ndani ninakubaliana nao kabisa.

Tantine, tuko na kijana wa miaka 15 na mapasa, yaani mapacha, wa miaka 6. Kila vakansi tunabishana, kijana anasema hataki kwenda kukaa kwenye farasi za kuzunguka, na mama yake anasema familia ni moja twende wote. Mwaka huu tuko na njia ya kupita Dubai juu mimi naenda kutafuta bidhaa. (Papa wa Kolwezi)

Papa, Dubai itakusaidia kwa hilo. Agosti kule jua linapita digrii 40, kwa hiyo tafuta parki zilizojengwa ndani ya nyumba na hewa baridi, IMG Worlds of Adventure iko Dubai kwenyewe tangu 2016, na ukivuka mpaka Abu Dhabi kuna kisiwa cha Yas ambako Ferrari World na Warner Bros. World ni majirani. Ferrari World ina Formula Rossa inayokimbia kilomita 240 kwa saa, hiyo inamtosha kijana wako, mapasa waende na mama yao kwa Warner siku hiyo hiyo. Mkutane saa ya kula. Mama yake ana haki kwamba familia ni moja, lakini familia moja inaweza kugawanyika masaa manne kisha ikawa na mengi ya kusimulia mezani. Mpe kijana kazi ya kweli, yeye ndiye anapanga siku moja nzima na pesa yake iko kwenye bahasha mkononi mwake, wangu wa pili nilimfanyia hivyo akiwa na 14 na ndiye aliyetuongoza mpaka leo. Mwaka 2025 Disney nao walitangaza kwamba watajenga pale pale Yas, kwa hiyo mapasa wako usiwe na haraka nao, miaka yao inakuja.

Tantine, mimi ni mwalimu Likasi. Nasoma ukurasa wako kila mwezi lakini wakati mwingine nafunga katikati. Mshahara wangu unaujua. Hatutapanda ndege, si mwaka huu, si miaka mitatu. Watoto wangu ni 10, 7 na 5 na wanarudi shuleni wakisimuliwa vakansi za wengine. Niwape nini?

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu na nimeiweka mwisho ili niikalie vizuri.

Kitu kinachowashika watoto kwenye zile parki nimekiangalia miaka mingi, na vitreni ni nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba kuna siku iliyopangwa mbele, wanaihesabia, wanajua jina lake, wazazi siku hiyo hawafanyi kazi nyingine, na kila mtoto ana kitu chake alichokichagua. Hayo yote Likasi unaweza. Sikuambii kwamba ni sawa sawa, mtoto wa miaka 10 atajua tofauti na usimdanganye, mwambie wazi bajeti yetu ni hii, na umuweke aandike hesabu na wewe.

Tangaza tarehe tangu sasa, mfano Jumamosi ya pili ya Agosti, andika kwenye kalenda ukutani. Mwaka wa kwanza mshuke Lubumbashi na basi asubuhi, zoo iko katikati ya mji, mnakula mikate na samaki mliobeba pale kwenye kivuli, mchana makumbusho ya taifa, jioni mnarudi ao mnalala kwa ndugu. Pesa yake ni ndogo. Mwaka wa pili, yule wa mwisho akiwa na 6, nendeni kwenye maji, Kiubo kwenye mto Lufira, watoto wanasikia kelele ya maporomoko kabla ya kuyaona na wananyamaza wote ndani ya gari, niliona hivyo kwa wangu wanne kwa mara moja, hata yule aliyekuwa anapiga kelele tangu asubuhi. Mwaka wa tatu, mkubwa akiwa na miguu ya kutembea, Lofoi, ndani ya parki ya Kundelungu, maji yanaanguka kutoka juu zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, ni kati ya maporomoko marefu kabisa ya Afrika, na yako kwetu. Mtoto aliyesimama chini ya Lofoi hana sababu ya kunyamaza wengine wakisimulia Paris.

Mlango upime na wewe. Mwaka kwa mwaka, wenyewe wataona.

Kwa Kiubo na Lofoi usiende na familia yako peke yako, gari peke yake itakumaliza. Tafuteni walimu ao majirani familia nne, fanyeni likelemba ya kiasi chenu hata ya feranga, mkodi pikapu moja ngumu yenye magurudumu manne yanayovuta, na dereva aliyeshapita ile njia, si yule wa bei ndogo. Iwe kipwa, mwezi wa saba ao wa nane, mvua ikianza Oktoba ile barabara ni matope. Mbebe gurudumu la ziada mbili, maji ya kunywa ya siku mbili, unga na samaki wakavu juu njiani hakuna pa kununua, na blanketi kila mtoto yake, kule juu kwenye nyanda za Kundelungu usiku wa Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa na watoto wanadanganywa na jua la mchana. Toka saa kumi usiku, mkiwa bado na usingizi. Ukiniandikia ulipofikia na likelemba nitakupa ramani ya njia tuliyopita sisi.